Waja leo waondoka leo: yanayosemwa Tanga kuhusu kuhama shule za serikali

Desemba ikifika, baraza zetu za Ngamiani huwa na habari moja: fulani kamtoa mwanawe shule ya serikali, fulani kamrudisha. Nimekaa miaka mitatu kwenye kamati ya shule. Nina watoto wawili. Binti hajawahi kuhama. Kaka yake nilimhamisha akiwa darasa la pili, nikamrudisha akiwa la sita. Kwa hiyo baadhi ya haya yafuatayo niliyaamini mwenyewe, tena kwa kulipia ada.

"Wanaohama ni wenye pesa zao"

Kaa karibu na wakala yeyote wa benki mwezi Januari uone. Utamkuta muuza mihogo wa Makorora, utamkuta kijana wa bodaboda wa Mikanjuni, wanalipa ada kwa mafungu huku mwenye nyumba naye anawasubiri. Upande wa pili namjua mama mwenye maduka mawili ya vitenge ambaye wanawe wote wanakwenda kwa miguu shule ya serikali. Nilipomuuliza sababu, hakugusa habari za ada kabisa. "Shoga, na chuo wataenda saa ngapi?"

Mijadala ya elimu redioni hailigusi hili, ila kwetu lina uzito. Mtoto wa shule ya serikali anatoka mchana, anakula, anabadili nguo, saa tisa yuko chuoni, kwenye Kurani, na juzuu yake. Wa basi la shule anashushwa jua limeshapoa, anasinzia, soksi moja imeteremka. Wangu alikuwa hivyo. Chuo kikawa cha Jumamosi na Jumapili, kisha kikawa cha Jumapili tu, kisha bibi yake akaacha kuniuliza. Alipoacha kuuliza ndipo nilipoumia.

"Elimu ni bure tangu 2016, anayelipa anajitakia"

Hapa pana makosa mawili. Kwanza, ada ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa mapema zaidi, wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kilichoanza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ni kufutwa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na michango ya lazima iliyokuwa ikitusumbua msingi na sekondari. Kidato cha tano na cha sita vilifuata mwaka wa fedha 2022/23.

Pili, bila ada si bila gharama. Sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 4,000 ni za vitabu, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Kwenye kamati tuliwahi kuzigawanya hizo 6,000 kwa miezi kumi na miwili, ikatoka mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Hapo utoe chaki, mitihani, na bati lililong'olewa na upepo. Mjumbe mmoja, mzee wa bandarini, alicheka mpaka akavua miwani.

"Walimu wa serikali hawafundishi"

Hii ndiyo niliyoiamini kuliko zote, na ndiyo iliyonihamisha.

Mwanangu alikuwa akinisomea jioni. Anafungua kitabu, anatiririka ukurasa mzima, baba yake anatikisa kichwa kwa fahari. Siku moja nilifunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Nikamwonyesha neno moja la katikati, "kuku", akaniambia "jogoo". Kumbe alikuwa anasoma picha. Wiki ile ile nikaanza kutafuta shule ya kulipia.

Nilipoingia kamati, baadaye sana, ndipo nilipoelewa. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa lile lilikuwa na zaidi ya mia. Chukua madaftari mia, kila moja ulipe dakika moja tu: saa moja na dakika arobaini, kwa somo moja, na mwalimu ana masomo mengine yanamngoja. Mwalimu wa mwanangu alikuwa na cheti chake na uzoefu wake, na alikuwa akiingia darasani kila siku. Alichokosa ni nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Madarasa yameongezwa, huwezi kukataa. Mradi wa BOOST, ule wa serikali wa kuboresha shule za awali na msingi, umejenga na tunayaona. Lakini chumba kipya bila mwalimu wa pili ni kivuli kizuri tu.

Na huko nilikompeleka? Darasa la watoto thelathini, ndiyo, na kusoma alijua ndani ya muhula mmoja. Hapo sina la kusema. Ila kwa miaka minne alibadilishiwa mwalimu wa darasa mara nne. Walimu vijana wa shule za binafsi wengi wanasubiri ajira za serikali. Zikitangazwa, mtu anafunga begi katikati ya mwaka. Ndiyo wale wale tunaowakimbia.

"Kiingereza ndiyo elimu yenyewe"

Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto analala na lugha moja anaamka na nyingine. Mzazi anayeogopa kidato cha kwanza si mjinga wala hajivuni. Anaogopa kitu kilichopo, na wanaomcheka barazani mara nyingi watoto wao wameshamaliza shule.

Lakini dawa tunayoinunua si dawa kila mara. Binti wa jirani yangu, wa inglishi midiamu, alikuwa akiimba rangi zote na siku zote za wiki. Nikamtuma dukani na karatasi niliyoandika "sukari nusu, majani ya chai". Akarudi na sabuni. Asiyejua kuunganisha herufi kwa lugha aliyonyonya hataziunganisha kwa lugha ya kukodi. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umekirudisha Kiingereza kuwa somo kuanzia darasa la kwanza, na wapo pia wanaosahau kwamba serikali yenyewe ina shule za msingi za Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Dar es Salaam.

"Shule ile ni ya kwanza, ilitangazwa"

Januari 2023 NECTA, yaani Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza orodha ya shule bora. Mabango ya barabarani hayakupata taarifa.

Zaidi ya hapo, uliza walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi na waliofanya mtihani wa mwisho ni wangapi. Mwanangu akiwa la sita niliitwa ofisini. Wastani wake haufiki, nikaambiwa kwa upole sana: arudie darasa, au nimtafutie shule "itakayomfaa". Ada ya muhula nilikuwa nimelipa yote. Wapo aliotoka nao. Mtihani ulipokuja, shule ile ilifaulisha wote, na bango likapigwa rangi upya.

"Ukitoka serikalini hurudi"

Unarudi. Mtoto ana namba yake ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na uhamisho unafanyika kwenye mfumo huo kwa shule anayotoka na anayokwenda. Usingoje tu darasa la mtihani, la nne au la saba, maana wakishasajiliwa mambo huwa mazito. Mwalimu mkuu hakunisimanga. Aliniuliza namba, akaandika, akasema dawati hana, watakaa wanne.

Siku ya kwanza alirudi saa nane na nusu, shati jeupe limechafuka chaki begani. Akala wali wake wa nazi, akavaa kanzu iliyomfika magotini, akaenda. Mwalimu wa chuo alimtazama, akamuuliza kitu kimoja tu: juzuu yake iliishia wapi.