Miti Ikikatwa, Moto Haukosi Cha Kula: Dhana Potofu Kuhusu Uvunaji wa Misitu na Moto Kichaa Kanda ya Ziwa

Dhana: Msitu ukivunwa, moto hukosa cha kuunguza.

Moto hauanzii kwenye gogo. Hushika kwanza nyasi kavu, majani na vijiti visivyozidi unene wa penseli, kwa sababu hivyo hupoteza unyevu ndani ya saa chache za jua. Mvunaji hubeba gogo. Vilele na matawi hubaki. Kwenye misindano, yaani mipaini, kama ile ya mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa, matawi hayo yakikatwa kiangazi hukauka kwa wiki chache tu, na sindano zake huwaka upesi mno.

Kwenye miombo, yaani misitu ya asili ya maeneo yenye kiangazi kirefu, kuna hasara ya pili, tena kubwa zaidi. Miti mikubwa ikiondolewa kwa mbao au mkaa, jua hufika chini na nyasi hushamiri, kisha upepo uliokuwa ukizuiwa na miti huzikausha. Mwaka unaofuata moto hupita kwa nguvu, huua miche, na nafasi ya nyasi huzidi kupanuka. Ndiyo maana tunasisitiza: angalia kilichobaki chini kabla ya kuhesabu miti iliyokatwa. Matawi yakatwe vipande vifupi na yarundikwe mbali na miti iliyosimama na mbali na mpaka wa mashamba. Marundo yakilazimika kuchomwa, yasubiri mvua ilowanishe nyasi za pembeni.

Dhana: Basi kila panga linaloingia msituni huongeza moto.

Hapana. Misindano iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huwa 1,111 kwa hekta. Kuipunguza kwa wakati na kuipogolea hadi kimo cha mita 2 huondoa ngazi ambayo moto wa ardhini huipanda kufika kileleni. Ila matawi yaliyopogolewa yakiachwa yamelundikana shinani, kazi yote imepotea. Wenye mashamba binafsi wengi hukosea hapo.

Dhana: Msimamizi mzuri hawashi moto kamwe.

Jaribio lililoanza miaka ya 1930 huko Ndola, Zambia, lilionyesha kwamba miombo inayochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka nyika yenye miti michache, wakati ile inayochomwa mapema hubaki na miti yake. Kwetu, mapema ni mara masika yanapokwisha, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, asubuhi tulivu, na kwa kibali cha ofisa misitu. Misindano michanga haivumilii hata moto huo.

Dhana: Moto unaongezeka kila mahali.

Setilaiti zilionyesha eneo linaloungua duniani likipungua kwa takriban robo kati ya 1998 na 2015, hasa kwa sababu nyika, zikiwemo za Afrika, ziligeuzwa mashamba na malisho. Takwimu hiyo haisemi kwamba misitu imepona. Penye kilimo moto hukosa njia, lakini mara nyingi na miti haipo tena.

Dhana: Ziwa liko karibu, maji yatatosha.

Vilima vya mawe vya Mwanza havifikiki kwa ndoo. Kila mwinuko wa nyuzi 10 huongeza mwendo wa moto unaopanda karibu mara mbili, na mchana upepo wa ziwa huusukuma kuelekea bara. Kinachouzuia ni ukanda uliokwatuliwa hadi udongo mtupu. Nyasi za mita 2 hutoa ndimi ndefu kuliko zenyewe, hivyo kinjia cha ng'ombe hakitoshi. Ukanda uliolimwa Mei ukaguliwe tena Julai, maana majani yaliyopeperushwa huujaza.

Maji yana kazi baada ya ndimi kuisha: kumwagia visiki na vinyesi vya ng'ombe vinavyofuka, ukianzia ukingoni. Geuza majivu kwa jembe, sogeza mgongo wa mkono karibu. Pakiwa na joto, mwagia tena. Kisiki kinachofuka huweza kuwasha nyasi kesho yake mchana.