Mwanasesere Asiyeshonwa: Jinsi Nguo Inavyoingia Kwenye Mfuo

Kwenye meza ya anayejifunza kimekomi, ufundi wa Kijapani wa kumvika mwanasesere nguo bila kushona, huoni uzi, cherehani wala sindano ya kushonea. Kuna mkasi mdogo mkali, kibakuli cha gundi ya mchele, kitambaa chenye unyevu cha kufutia vidole, vipande vya hariri, na kijiti cha chuma chenye ncha bapa. Katikati ya meza yupo mwanasesere mwenyewe, bado hajavaa kitu, ana rangi ya mbao, na mwili wake wote umepitiwa na mistari iliyozama. Mistari hiyo tunaiita mifuo. Nguo zote atakazovaa, kuanzia ukosi wa ndani hadi joho la juu, zitashikwa na mifuo hiyo peke yake.

Nilijifunza ushonaji Morogoro kabla ya kuja Japani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaelekeza wanaoanza, katika karakana ya wanasesere iliyoko Iwatsuki, mji wa Saitama, kaskazini ya Tokyo. Wanaoniandikia kwa Kiswahili huniuliza kama darasa la saa chache linaweza kumfundisha mtu jambo la maana, au ni burudani ya watalii tu. Linafundisha, na linafundisha kweli, mradi ujue ni hatua gani ya kazi uliyoshika mkononi na ni mikono ya akina nani iliyokutangulia.

Tuanze na chanzo. Inasimuliwa kwamba kati ya mwaka 1736 na 1741, mtumishi mmoja wa hekalu la Kamigamo huko Kyoto, Takahashi Tadashige, alikusanya mabaki ya mbao za mierebi zilizotumika kutengenezea vifaa vya sherehe za hekalu. Akachonga watu wadogo, akawachimbia mifuo, akasokomeza humo vipande vya nguo. Wanasesere hao waliitwa wa Kamo, na wengine walikuwa na urefu wa sentimita chache tu. Ukiwa fundi nguo, hapo hapo unaona uzuri wa njia hii. Mwili mdogo kiasi hicho haubebi pindo la kushonwa, kwa maana pindo lolote lingeonekana kama uvimbe. Ukingo wa nguo ukizama ndani ya mti, nguo inakaa kama ngozi na mstari unabaki safi.

Ufundi huo ulifika Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na enzi ya Meiji (1868–1912) ukabadilika sana. Badala ya kuchonga kila kiwiliwili kwa mti, mafundi walianza kugandamiza unga wa mbao kwenye kalibu, hivyo umbo moja likaweza kutolewa mara nyingi. Mwaka 1978 serikali ya Japani iliitambua kimekomi ya Edo kuwa sanaa ya jadi, chini ya sheria ya mwaka 1974 ya kuendeleza kazi za mikono.

Unga wenyewe hutoka kwenye mti uitwao kiri, mti mwepesi sana ambao Wajapani huutengenezea masanduku na makabati ya kuhifadhia kimono. Unga huo hukandwa pamoja na gundi ya wanga wa ngano hadi uwe donge linalofinyangika, nalo huitwa toso. Fundi hulijaza donge kwenye nusu mbili za kalibu, ya mbele na ya nyuma, akaziunganisha, akalitoa umbo na kuliacha likauke. Likikauka husinyaa na mara nyingine hupasuka, kwa hiyo hulazimika kuzibwa nyufa na kupigwa msasa. Toso nzuri ni nyepesi mkononi, na bado kisu hukata ndani yake bila kumegua kingo. Sijapata kukuta kitu kingine kinachokubali mfuo kwa namna hiyo.

Iwatsuki ina historia yake na mti huo. Ulikuwa mji wa kupumzikia wasafiri katika barabara ya kwenda Nikko, na wazee wa hapa husimulia kwamba baadhi ya mafundi walioitwa kujenga hekalu la Toshogu huko Nikko katika karne ya 17 walilowea hapa kwa sababu miti ya kiri ilikuwa tele na maji yalikuwa mazuri kwa kuchanganyia rangi nyeupe. Hadi leo mitaa ya karibu na stesheni ina maduka ya wanasesere, na tangu Februari 2020 kuna makumbusho ya mji yaliyojengwa kwa ajili yao. Kabla ya kuingia darasani, nenda kwanza makumbusho. Tazama mabega na viwiko vya wanasesere wa zamani, uone nguo inaishia wapi na inazama wapi. Ukitoka hapo utakuwa na macho mengine.

Sasa kazi yenyewe. Mfuo huchimbwa kwa kisu kidogo cha kuchongea, kwa kina cha milimita mbili au tatu, na upana wake usibadilike toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mpana mno, nguo inalegea na mstari unaonekana kama jeraha. Ukiwa mwembamba mno, hariri nene haiingii, na ukilazimisha unachana nyuzi. Kuta zake zisimame wima, maana ukuta ulioinama huirudisha nguo nje gundi inapokauka. Katika madarasa ya siku moja mwanafunzi hupewa kiwiliwili ambacho mifuo yake imeshachimbwa. Hilo si jambo la kudharau. Lakini kabla sijampa mtu kipande cha kwanza cha nguo, humwambia apitishe kijiti kikavu katika kila mfuo, polepole, kuanzia shingoni. Kidole kitamwambia mfuo unageukia wapi na unakutana wapi na mwingine. Mtu aliyefanya hivyo hukata nguo kwa akili zaidi kuliko aliyeanza na mkasi.

Kwenye kukata, ushonaji nilioujua tangu nyumbani ulinisaidia, ila kwa kiasi. Kila kitambaa kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na ukikivuta mshazari kinanyumbuka. Begani na kwenye goti, mahali palipo na mviringo, hapo ndipo unapoutafuta mshazari huo ili nguo ifuate mwili bila makunyanzi. Mgongoni na kwenye mikono mirefu ya kimono unaufuata mtande, kwa sababu maua yaliyofumwa yakiinama kidogo tu jicho linayashika. Hariri ya chirimeni, ile yenye vijikunyanzi vidogo, husamehe mengi kwa kuwa inavutika. Kinrani, yenye nyuzi za dhahabu, haivutiki na hutoka nyuzi kwenye kingo. Anayeanza na aanze na chirimeni, hata kama kinrani ndiyo inayomvutia dukani.

Unapaka gundi ndani ya mfuo. Usipake juu ya mwili. Nawakumbusha watu jambo hili kuliko jingine lolote. Gundi ikiwa juu ya mwili huloanisha hariri na kuacha doa lisilotoka, na nguo hupoteza ule uhai wake wa kukaa juu ya umbo kwa wepesi. Gundi ya jadi ni unga wa mchele wa kunata uliokwisha kupikwa na kusagwa, unakorogwa kwa maji kidogo hadi uwe mzito. Faida yake ni kwamba haikauki haraka. Ukikosea mstari, una nafasi ya kuinua nguo na kurudia.

Kisha unalaza kipande mahali pake, unakigandamiza katikati ya mfuo kwanza, halafu unaelekea pembeni kwa zamu, upande huu na ule. Ukianzia pembeni, ziada yote inakimbilia upande mmoja na kujikunja hapo. Nguo ikishaacha alama ya mfuo, unakata ziada na kubakiza kiasi kinacholingana na kina cha mfuo. Ukibakiza nyingi, mfuo unajaa na ukingo unachungulia nje. Ukibakiza kidogo, nguo inachomoka. Na kuna jambo ambalo mara nyingi halielezwi wakati wa kuanza: mifuo mingi hupokea nguo mbili. Kiwiliwili na mkono hukutana katika mfuo mmoja, kwa hiyo kitambaa cha kwanza lazima kimwachie mwenzake nafasi. Kwenye kona na mizunguko, chanja ziada kwa vijikato vidogo ili isijirundike, lakini vijikato hivyo visivuke ukingo wa mfuo.

Mpangilio ni wa ndani kwenda nje, kama mtu anavyovaa. Ukosi mweupe kwanza, kisha tabaka za rangi zinazochungulia shingoni na mikononi, na mwisho vazi la juu. Angalia sana kifua: upande wa kushoto wa mvaaji ndio unaokuja juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ni jinsi Wajapani wanavyomvika marehemu. Mwanasesere anayewekwa nyumbani kwa ajili ya Hina, sherehe ya tarehe 3 Machi ya kumwombea mtoto wa kike afya na heri, akivishwa kinyume, familia haitamweka.

Nije kwenye uso, ambao ndio kila mtu anautamani. Katika utaratibu wa Iwatsuki na Tokyo, kichwa ni kazi ya fundi mwingine, mikono na miguu ya mwingine, na vifaa vidogo kama vipepeo vya kujipepea na kofia ni kazi ya mwingine tena. Kichwa cha jadi hupakwa gofuni, yaani unga mweupe wa makombe ya chaza uliochanganywa na gundi ya wanyama. Gundi hiyo hupashwa moto polepole, isichemke, maana ikichemka nguvu yake hupungua. Gofuni hupakwa tabaka juu ya tabaka, nzito kwanza kisha nyepesi. Macho ya kioo huwa yameshatiwa kichwani tangu mwanzo na hufunikwa kabisa na weupe huo. Baadaye fundi hushika kisu chembamba na kuyafungua, mkato mmoja kwa kila kope. Nyusi huchorwa kwa brashi yenye nywele chache, unywele mmoja mmoja. Kwa maoni yangu, ni heshima kwa kazi hii kwamba darasa la kwanza hukupa kichwa kilichokwisha kamilika. Mkono wa siku moja hauwezi kufungua jicho, na darasa linalokuahidi hivyo linakupa kitu kingine kabisa.

Hii haina maana kwamba mtu mmoja hawezi kuzimudu kazi zote hizi. Mwaka 1955 Japani iliwatambua Hirata Goyo na Hori Ryujo kuwa hazina hai za taifa kwa ufundi wa wanasesere wa mavazi. Wao walibeba kazi yao tangu umbo hadi uso. Njia ya kufika huko hupitia mifuo mingi.

Kwa wasomaji wa Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura wanaotaka kujaribu bila kusafiri, nimefanya majaribio na vitambaa vya kwetu na naweza kusema yafuatayo. Kanga inafaa, lakini ifue kwanza, maana wanga wa kiwandani huifanya ikatae kuingia kwenye mfuo. Michoro yake ni mikubwa kwa kifua chenye upana wa vidole viwili, kwa hiyo kata kutoka kwenye vidoa au sehemu ndogo za pindo. Kitenge kizito kinahitaji mfuo mpana zaidi. Kikoi kiache, ni kinene mno kwa umbo dogo. Kwa mwili, tumia lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni na friji. Hata hapa Japani wanaojifunza kwa kujifurahisha hutumia miili ya povu. Chonga kwa kisu chenye makali sana, kwa kuwa kisu butu hubomoa povu badala ya kulikata. Usitumie gundi za viatu zenye harufu kali, zinaliyeyusha. Uji mzito wa wanga wa muhogo, uliopikwa na kupozwa, unashika vizuri na unakupa muda wa kurekebisha.

Umbo la kuanzia liwe mnyama, si mtu. Hapa Japani wengi huanza na mmoja wa wale wanyama 12 wa kalenda ya jadi, ambao kila mmoja ana mwaka wake, kwa mfano sungura au nguruwe mwitu, kwa sababu mwili wake ni mviringo na mifuo yake ni michache, na hakuna ukosi wala mikono ya kukuchanganya. Baada ya hapo nenda kwa mtoto aliyeketi, mwenye nguo moja na ukosi mmoja. Wawili wa Hina, mfalme na malkia wenye tabaka nyingi, waje baadaye. Na kama utapata nafasi ya darasa Japani, kabla ya kulipa uliza swali moja: je, nguo imeshakatwa, au nitakata mwenyewe? Madarasa mengine hukupa vipande vilivyopimwa tayari, na utatoka na mwanasesere nadhifu zaidi. Mimi ningechagua lile linalokupa kitambaa kizima na mkasi.