Santuri za 45 kwenye kompyuta: tundu, sindano na mono

Ukirekodi santuri ya 45, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, kwenye kompyuta na faili ikatoka na sauti nyembamba, besi hakuna na trebo inachoma masikio, usiilaumu programu. Kwa kawaida mashine ya kuchezea santuri imechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la laptop. Sindano ya kawaida hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Tena santuri ilipokatwa, besi ilipunguzwa na trebo ikaongezwa makusudi, kwa kipimo cha RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani) kinachotumika tangu katikati ya miaka ya 1950. Bila hivyo mfereji anamopita sindano ungeyumba mpaka uuvamie mfereji wa pembeni. Kinachorudisha mizani hiyo ni saketi ya fono. Kama una amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO, unayo tayari: toa waya kwenye TAPE OUT, uingize kwenye kadi ya sauti ya USB upande wa LINE. Usitumie tundu la hedifoni.

Mvumo mzito usiokoma ni umeme wa 50 Hz. Funga ule waya mwembamba wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya amplifaya, kisha chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri.

Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti vikomee karibu na −6 dB. Mkwaruzo mmoja unaweza kuruka juu kuliko muziki wenyewe, na kilichopita 0 dB kimekatwa kichwa, hakirudi. Kwa 96 kHz stereo, dakika moja hula takriban MB 35. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza sauti. MP3 ije mwisho, kwa ajili ya simu.

Sasa mono, ambapo wengi hupoteza bure. Santuri nyingi za benga na rumba za miaka ya 1960 na 1970 ni mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia: muziki wote uko kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia. Mwendo wa juu na chini ni vumbi na uchakavu tu. Rekodi chaneli zote mbili kisha uziunganishe, na kelele hiyo ya juu na chini itajifuta. Ila sikiliza kwanza kila chaneli peke yake. Ukuta mmoja wa mfereji ukiwa umelika, kwa mfano kwa sababu ya ile tabia mbaya ya kuweka sarafu juu ya kichwa cha mkono, chukua chaneli nzima iliyobaki. Na ukiunganisha sauti ya mwimbaji ikatoweka, nyaya za chaneli moja kichwani zimegeuzwa.

Ondoa milio ya tak-tak kabla ya kupandisha sauti, kwa kuwa ndiyo vilele vikubwa. Katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kivute karibu kilele kimoja mpaka uone mstari, kiteue, bonyeza Repair; inakubali sampuli 128 tu (vipimo vidogo vya sauti vinavyounda faili), na inatosha. Zana ya kupunguza kelele (Noise Reduction) itumie kidogo mno. Ukizidisha, matoazi yanalia kama yamezama majini.

Wimbo uliogawanywa Part 1 na Part 2, kila sehemu upande wake wa santuri, ninaunganisha kwenye pigo la ngoma, si kwenye kimya, kwa kupishanisha milisekunde 5 hadi 10. Faili za pande mbili ambazo hazijaguswa zinabaki kando.

Santuri za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni kazi nyingine. Sahani za enzi ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zinataka ncha ya sindano ya mikroni 76 hivi badala ya 18, na ni za shelaki, aina ya utomvu wa wadudu: spiriti huziyeyusha. Zifute kwa maji safi yaliyotoneshwa (distilled), bila kulowesha lebo.

Kabla ya kurudisha sahani kwenye mfuko wake, piga picha lebo zote mbili, na uandike kwenye jina la faili namba iliyochongwa karibu na lebo.