Kabla ya mbegu, nionyesheni karatasi

Kikundi kikiniita kuangalia kiwanja wanachotaka kukigeuza bustani, hunipeleka moja kwa moja kwenye udongo. Wameshafyeka, wameshaokota chupa na matairi, na hakosekani mmoja aliyeshika pakiti ya mbegu. Mimi naomba kwanza karatasi. Ardhi hii ni ya nani? Amekubali nini, kwa muda gani, na mbele ya nani? Kazi yangu ni kushauri wakulima wa mjini kuhusu udongo na mboji, lakini bustani za jamii nilizoziona zikifa, chache ziliuawa na ukame au wadudu. Nyingi zilikufa siku mwenye kiwanja aliporudi.

Na sababu yangu inaanzia kwenye udongo wenyewe. Ardhi ya mjini huwa imeshindiliwa na magari na kuchanganyika na kifusi. Piga jembe, utasikia linagonga tofali. Mwaka wa kwanza wa kutia mboji panalainika juu tu, kina cha vidole vinne hivi, na chini bado ni kama sakafu. Msimu unaofuata nyungunyungu wanaanza kuonekana. Miaka mitatu minne ikipita, ukiufumbata udongo unashikamana, ukiubonyeza kwa kidole gumba unaachia chembechembe, na harufu yake ni ya msituni baada ya mvua. Neno la mdomo, "limeni tu, hakuna shida", halimpi mtu uhakika wa miaka hiyo.

Kuna pia suala la sumu. Palipokuwa na nyumba za zamani, rangi iliyobanduka ukutani huenda iliacha madini ya risasi, na kando ya barabara kuu yapo yaliyotokana na petroli ya zamani. Risasi haiozi. Huwa nachukua udongo sehemu kumi hivi za kiwanja, kina cha shubiri moja, nauchanganya kwenye ndoo safi na kupeleka sampuli maabara. Watu huniuliza kuhusu nyanya, lakini matunda ya mmea hubeba risasi kidogo sana. Hatari iliyo kubwa zaidi ni vumbi, na vidole vya mtoto vinavyotoka kwenye udongo kwenda mdomoni. Baada ya hapo ndipo naangalia mboga za majani na za mizizi. Vipimo vikiwa vibaya, tunajenga matuta ya kuinuliwa kwa mbao, tunatandika kitambaa chini na kuleta udongo kutoka kwingine. Ni gharama na ni jasho. Nani ayamwage kwenye ardhi ambayo kesho si yake?

Historia ya harakati za bustani za jamii mijini nayo inanipa ushahidi. Los Angeles, Marekani, palikuwa na South Central Farm, ekari 14 zilizolimwa na familia zipatazo 350. Jiji lilikuwa limeitwaa ardhi hiyo miaka ya 1980 ili lijenge tanuri la kuchomea taka, wakazi wakalipinga likashindikana, na mwaka 1994 watu wakaanza kulima. Mwaka 2003 jiji likairudisha kwa mmiliki wa awali kwa kumuuzia. Wakulima wakapambana mahakamani na kuchangisha fedha, lakini Juni 2006 askari waliwaondoa kwa nguvu na matingatinga yakafuata. Miaka kumi na miwili ya udongo!

Sasa tazama New York. Mwaka 1973 Liz Christy na wenzake, waliojiita Green Guerillas, walikuwa wakirusha "mabomu ya mbegu", yaani vifurushi vya mbegu vya kuotea palipoangukia, juu ya ua za viwanja vilivyotelekezwa, kisha wakasafisha kimoja kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston. Mwaka uliofuata wakakubaliana na jiji kulipa pango la dola 1 kwa mwezi. Wengi husimulia habari ya mabomu ya mbegu kwa sababu inavutia. Mimi naistahi zaidi ile dola moja, kwa kuwa ndiyo iliyowageuza wavamizi kuwa wapangaji. Bustani hiyo ipo hadi leo na ina jina la Liz Christy. Hata hivyo pango pekee halitoshi: mwaka 1999 jiji hilohilo lilipanga kunadi bustani zaidi ya 100, na zilipona kwa sababu mashirika mawili ya hiari yalizinunua kabla ya mnada.

Detroit, hukohuko Marekani, mkulima wa mjini Malik Yakini na wenzake walihamishwa kwenye viwanja vyao vya mwanzo kabla ya kupata sehemu ndani ya bustani ya umma ya Rouge Park mwaka 2008, na hapo shamba lao, D-Town Farm, likakua hadi ekari 7. Berlin walikuja na jibu jingine. Bustani ya Prinzessinnengärten, iliyoanza 2009, ilipandwa ndani ya makreti na magunia, kwa sababu waanzilishi walijua tangu siku ya kwanza kwamba huenda wangehama.

Karatasi ya ardhi ikiwepo, bado kuna daftari la fedha. Will Allen, aliyewahi kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, alinunua mahali Milwaukee, Marekani, mwaka 1993 akajenga Growing Power: mboji, nyungunyungu, samaki na mboga chini ya paa moja, na watu wakatoka mbali kujifunza. Mwaka 2017 ilifungwa kwa kulemewa na madeni. Hilo liliniuma, kwa maana mengi ninayofundisha kuhusu mboji yalipita mikononi mwake.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni kikundi kimoja kidogo. Niliwasaidia miaka mitatu bila kuuliza lolote kuhusu ardhi, kwa kuwa mzee mwenye kiwanja alikuwa mtu mwema, akija kila wiki kuwasalimu. Alipofariki, warithi walitoa siku saba. Jioni ya mwisho nilikuta watu wanajaza udongo kwenye magunia. Mama mmoja alikuwa akichota kwa bakuli, akiacha koleo pembeni. Nikamwuliza kwa nini. Akasema koleo linawakata nyungunyungu.

Tangu hapo siingii kwenye kazi bila mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Nataka muda usiopungua miaka mitano, saini ya mwenye ardhi pamoja na ya mtu wa familia yake, na jina la mwenye jukumu la bomba la maji. Kisha kuna kifungu ninachokishikilia kuliko vyote: ardhi ikihitajika, kikundi kipewe taarifa na kiruhusiwe kuvuna kilichokwisha kupandwa na kuondoka na udongo wake. Wamiliki wengi hulisoma neno "udongo" mara mbili, wakaniuliza kama nimekosea kuandika. Nawaita waje wautie mkono ndani, nawaeleza ulikuwaje tulipoanza, na mpaka sasa hakuna aliyekifuta.