Kikufuli Hakilindi Faili Lako

Juzi tena. Mwenye duka la mtandaoni kanigeuzia kompyuta yake, kidole juu ya kikufuli cha kivinjari, kile kialama kilicho kando ya anwani ya tovuti: "Si unaona? Taarifa za wateja wangu ziko salama." Ni wa ngapi mwaka huu, nimeacha kuhesabu.

Jamani. Kikufuli kinalinda safari tu: data ikitoka kwa mteja kwenda kwenye seva, anayedukiza njiani haambulii kitu. Ikishafika, kazi yake imekwisha. Hata matapeli wanacho, maana cheti cha tovuti kinachokiwasha hupatikana bure. Kivinjari cha Chrome kilianza kukiondoa kwenye upau wa anwani mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakikisoma kama muhuri wa uaminifu.

Mwaka 2018 wateja wa shirika la ndege la British Airways waliibiwa taarifa za kadi wakilipia kwenye tovuti halisi, kikufuli kikiwa palepale. Wadukuzi walipachika mistari michache ya msimbo kwenye skripti ya ukurasa, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Mteja akibonyeza kulipa, namba zinachotwa kwenye kivinjari chake, kabla hazijasimbwa, yaani kugeuzwa zisisomeke njiani. Kwa hiyo kila skripti ya mtu wa nje unayoiweka kwenye ukurasa wa malipo, iwe ya takwimu au ya gumzo, umeikaribisha kwenye droo ya fedha. Iondoe.

Nenosiri za wateja: zihifadhi kwa bcrypt au Argon2, njia za kuzigeuza zisisomeke tena, basi. Nisirudie.

Nikamwomba anionyeshe oda. Akafungua jedwali: majina, simu, anwani, tarehe za kuzaliwa.

"Tarehe ya kuzaliwa ya nini?"

"Ya kuwatumia salamu siku yao ikifika."

Hajawahi kutuma hata moja. Jedwali lenyewe linafunguka kwa yeyote mwenye kiungo, akiwemo kijana aliyeacha kazi zamani. Na safu ya mwisho? Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi! Kanuni za PCI DSS, za usalama wa kadi za malipo, zinamkataza muuzaji kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa, hata akizisimba.

Vitabu husema futa usichokihitaji, kana kwamba ni kufagia uwanja. Mteja hudai marejesho baada ya miezi, na watu wa kodi wanataka kumbukumbu. Mimi hubakiza risiti, nikafuta simu na anwani. Lakini bado zimo kwenye nakala rudufu, na sijawahi kupata njia ya kuridhisha ya kumng'oa mtu mmoja humo.

Tulifuta ile safu pamoja. Akakuna kichwa: "Na lile faili nililojitumia kwa barua pepe?"