Je, Wajua? Kwa Nini Kisamvu Hutwangwa Kibichi Kabla ya Kuchemshwa

Tanga hakuna anayepika kisamvu kama anavyopika mchicha. Mchicha unakatwa, unatiwa sufuriani, na dakika chache baadaye umeiva. Kisamvu huchumwa yale majani machanga ya juu, huchambuliwa vikonyo, hutwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu, kisha huchemshwa muda mrefu ndipo tui la nazi lifuate. Ukiuliza kwa nini shida yote hiyo, utajibiwa kwamba majani ya muhogo ni magumu. Ni magumu kweli, lakini ugumu peke yake usingetulazimisha kushika mchi. Majani hayo yana sumu, na sumu hiyo ndiyo inayoamua kipi kitangulie, kinu au jiko.

Ndani ya jani la muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa peke yake kimetulia tu. Katika jani hilohilo mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kiitwacho linamarasi, nacho kikiigusa linamarini huivunja, na mwisho wa mvunjiko huo ni sianidi, ndiyo sumu yenyewe. Mmea umeviweka mahali tofauti, kama mtu anayeweka mafuta ya taa chumba hiki na kiberiti chumba kile: linamarini imehifadhiwa ndani ya seli, linamarasi imekaa kwenye kuta zake. Mdudu akitafuna jani, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na mdudu anapata alichokitafuta. Ndiyo silaha ya muhogo. Majani machanga, yale tunayoyapenda kwa ulaini wake, kwa kawaida huwa na silaha nyingi kuliko yaliyokomaa.

Mchi unafanya kazi ya mdudu, ila kwa ukamilifu zaidi. Kadiri unavyotwanga ndivyo seli nyingi zaidi zinavyopasuka, na linamarini inageuka kuwa sianidi pale kinuni. Kwa mlaji hiyo ni heri, maana sianidi haina ustahimilivu. Huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, chini ya joto la mchana wa kawaida wa Tanga. Ikishaachiwa, inaanza kupaa yenyewe, na jiko linamalizia kuifukuza. Kwa sababu hiyo sufuria ya kisamvu huachwa wazi pale mwanzo, mvuke utoke, na jikoni pawe na hewa ya kutosha.

Hapa ndipo wanapokosea wanaochemsha majani mazima kwanza, halafu wakayasaga kwenye blenda ili kupunguza kazi. Maji ya moto huua linamarasi mapema. Linamarini yenyewe haitishwi na maji yanayochemka, kwa hiyo inabaki, na sasa hakuna wa kuivunja. Nyingine huyeyukia majini, na maji hayo yakimwagwa sumu inapungua, lakini kiasi kinachobaki ndani ya jani kinakwenda mpaka sahanini. Blenda haina kosa, wala mashine ya kusaga ya sokoni. Kosa ni kutanguliza moto. Saga kibichi kwa chombo chochote ulicho nacho, mradi kilainike sawasawa. Vipande vikubwa vikubwa ni seli ambazo hazijapasuka.

Mkoa wa Tanga una kisa chake na majani haya. Wapo wanaoapa kuwa kisamvu kitamu ni cha mpira, yaani majani ya ule mti mrefu wa jamii ya muhogo unaoitwa kitaalamu Manihot glaziovii. Nacho kina sumu ileile, kwa hiyo kinu hakikwepeki. Asili ya mti huo ni Brazili, na enzi za Wajerumani ulilimwa hapa kwenye mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, biashara ile ikafa. Miti ikabaki, na watu wakaendelea kuchuma majani.

Haikuishia hapo. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902. Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa wakihangaika na batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja na kutia mabaka majani ya muhogo. Wakauchanganya muhogo na mti wa mpira, kisha wakaendelea kuvichavusha vizazi vyake na muhogo tena na tena hadi wakapata mimea inayostahimili ugonjwa na yenye mizizi ya kulika. Vizazi vya kazi hiyo vilifika hadi Nigeria, vikatumika kuzalisha mihogo iliyoenea sehemu nyingi za Afrika.

Turudi jikoni, kwenye suala la magadi. Wengi hutia kidogo ili kisamvu kilainike haraka na kibaki kijani. Rangi ya jani inatokana na klorofili, ambayo katikati yake kuna magnesiamu. Asidi ya majani yenyewe huing'oa magnesiamu hiyo wakati wa kuchemka, na rangi inageuka kuwa kijani cha kufifia kinachoelekea kahawia. Magadi huituliza asidi, hulainisha nyuzi, hata huharakisha kuachiwa kwa sianidi. Ila huiharibu vitamini C, ambayo tayari imepigwa na kinu na moto. Kwangu mimi rangi ile ya kufifia haina ubaya. Kisamvu si pambo.

Tui huja mwisho, sumu ikishatoka na maji yakishapungua. Tui jepesi linaweza kutangulia likachemka na majani, lakini tui zito likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Litie moto ukiwa mdogo, na ukoroge. Mafuta hayo yana kazi nyingine pia: majani ya muhogo yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta haifyonzwi vizuri.

Kamba au dagaa wanaotiwa humo nao wana faida yao. Majani yana protini nyingi lakini ni haba kwa methionini, asidi amino (tofali la kujengea protini) yenye salfa ambayo samaki wanayo, na mwili hutumia salfa kugeuza masalia ya sianidi kuwa kitu chenye sumu kidogo zaidi kinachotoka na mkojo.

Ukinunua kilichotwangwa tayari sokoni hapa Tanga mjini, pale Ngamiani au Mgandini, muulize muuzaji kama kilitwangwa kibichi. Akikwambia kilichemshwa kwanza, kichemshe tena kwa maji mengi na uyamwage yale maji kabla ya kutia nazi.