Sarafu ya kumbukumbu: ipi ni yenyewe, ipi siyo

Sarafu ya kumbukumbu hufuliwa kwa ajili ya tukio maalumu, na kwa kawaida tukio hilo huandikwa juu yake. Shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003 ina miaka 1963–2003, yaani miaka arobaini ya uhuru. Thamani yake ya kisheria ni hiyohiyo shilingi 40. Ziada yoyote ni mapatano ya wakusanyaji.

Uzee peke yake hauifanyi sarafu kuwa ya kumbukumbu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921, yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa hela ya sokoni tu. Igeuze: kichwa cha George V, mfalme wa Uingereza, na pembeni maneno ya Kilatini "Georgivs V Rex et Ind: Imp:", mfalme na kaisari wa India. Aliyelipwa nayo alibeba mfukoni tangazo la nani anatawala. Wajerumani walitangulia: rupia ya 1890 ya kampuni yao iliyotawala Afrika Mashariki ina Kaisari Wilhelm II na kofia ya kivita, na upande wa pili simba. Sarafu yao ndogo ya shaba, iliyoitwa pesa, waliitia maandishi ya Kiarabu, herufi walizozizoea watu wa pwani. Ujanja mtupu.

Mtindo wa kichwa cha mtawala haukuondoka na bendera ya mkoloni. Kwenye ile shilingi 40, mahali pa George amekaa Mwai Kibaki. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu 231(4), ndiyo iliyokataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Zilizotoka Desemba 2018 zina twiga (shilingi 1), kifaru (5), simba (10) na tembo (20).

Ukitaka kununua za mkoloni, tazama mwaka kwanza. Shilingi za George V zina madini ya fedha robo tu. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Anayekuuzia ya 1952 kwa bei ya fedha anakupiga.

Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Manyoya ya shingoni mwa simba hulika upesi, na mnunuzi hutazama hapohapo. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikaushe kwa kuigandamiza kitambaa, uishike ukingoni. Mifuko laini ya plastiki ya PVC iepuke: baada ya muda huacha utando wa kijani unaokula shaba.